Marehemu Anatafuta Nyumba

Alonzo Gaines alirudi kutoka vitani jioni ya Jumanne, zamu ya jiko ikiwa ya mama yake, Ozella. Nyumba waliyopanga Mtaa wa Hastings, Detroit, ilikuwa na familia nne, jiko moja na choo kimoja. Ozella alikuwa anakaanga samaki huku akiupigia kelele mlango wa choo, aliyemo atoke, kuna watu wameshika foleni tangu mchana. Mlango uliofunguka ukawa wa ngazini. Mwanawe akaingia na mfuko wake wa kijeshi begani, udongo unamdondoka kwenye pindo za suruali.

"Pangusa viatu," Ozella akasema. "Nimetoka kudeki sasa hivi."

Alonzo alikuwa amekufa mwaka uliotangulia, huko Uholanzi, lori lilipopinduka akiwa ndani yake. Jeshi lilimpelekea mama yake taarifa, mchungaji akafanya ibada, na akina mama wa kanisa wakaleta kuku na pai za viazi vitamu. Ozella alilia mpaka akachoka. Sasa alimpakulia samaki na mkate wa mahindi, na alipoona hakigusi chakula, anakitazama tu kwa heshima, akarudisha samaki kikaangoni.

"Umekonda," akasema. "Umefuata nini?"

"Nyumba, mama. Walisema kila askari akirudi atakopeshwa nyumba. Nimekuja kuichukua, uhamie wewe."

Ozella akageuza samaki. Vita vilipokuwa vimepamba moto aligongelea misumari ya ribiti kwenye mabawa ya ndege za mabomu, akalipwa mshahara mnono ambao hakuwahi kuupata kabla, akanunua koti la manyoya na redio. Wajapani waliposalimu amri, msimamizi aliwakusanya wanawake, akawashukuru kwa niaba ya taifa na kuwaambia waache vifaa mezani. Wiki iliyofuata Ozella alikuwa amerudi magotini, anasugua sakafu za wazungu nje ya mji.

"Haya, twende," akasema. "Lakini unyoe ndevu."

Asubuhi yake, kwenye tramu, kondakta alimtoza Alonzo nauli kamili. Benki waliketishwa mpaka kila aliyekuja baada yao akahudumiwa. Kisha wakaitwa na Bwana Haskell, kijana ambaye Ozella angeweza kumzaa, na ambaye hata hivyo alimwita kwa jina lake tupu.

"Ozella, kijana wako ana tatizo gani?"

"Hana tatizo, bwana. Anataka ule mkopo wa askari, wa nyumba."

"Mimi ni marehemu," akasema Alonzo, ambaye hakupenda kuficha mambo.

"Naona. Hilo halina shida. Marehemu tunawakopesha." Haskell akaegemea kiti chake. "Juzi tu tumempa Walter Drozd, aliyeuawa Ujerumani. Vyumba vitatu na banda la gari. Analipa vizuri kuliko walio hai. Marehemu halewi."

"Sasa sisi kitu gani kinatuzuia?" Ozella akauliza.

"Mtaa wenu benki haikopeshi. Nyumba za kule zimechakaa."

"Basi tukopesheni kule kwa Drozd. Ni mpya."

"Kule hamruhusiwi kuishi. Ndiyo sharti la mtaa. Hakuna mweusi."

"Hata aliyekufa?"

Haskell alilifikiria swali hilo kwa uaminifu kabisa. "Sharti linasema mweusi," akajibu. "Halisemi awe anapumua."

Ozella akafunga vifungo vya koti. "Inuka, mwanangu. Inuka kabla sijafungwa."

Walipofika nje Alonzo akasema, "Huyo Drozd namfahamu. Mimi ndiye niliyemzika."

Ilikuwa kweli. Kombania yake ilikuwa ya weusi, na jeshi halikuwapa bunduki, liliwapa sepeto. Majira yote ya baridi walichimba makaburi kwenye matope, wakawazika wazungu waliokuwa wakiletwa na malori kutoka mstari wa mbele. Alonzo alisema mtu uliyemzika hawezi kukunyima neno moja la kukuombea kwa majirani. Ozella alisema yeye hajui, lakini Jumapili baada ya kanisa alifuatana naye.

Nyumba za kule zilikuwa nyeupe, zote sura moja. Drozd alikuwa uani amevaa sare yake, tundu la risasi likiwa wazi kifuani, anamwagilia nyasi ambazo zilikuwa bado hazijaota. Akaangusha mpira wa maji.

"Wewe!" akasema, akamshika Alonzo mikono yote miwili. "Jamani, ni wewe! Wenzangu wengi waliingiliwa na maji makaburini, mimi nilikaa pakavu mpaka mwisho."

"Ulikuwa mzito kama gunia la mawe," Alonzo akasema.

Wakacheka sana. Drozd akawaletea maji ya ndimu barazani. Kuingia ndani hakuwaambia. Ozella alikunywa amesimama, kwa sababu viti navyo hakuwaonyesha. Alonzo akaeleza shida yake na kumwonyesha nyumba ya pili, iliyokuwa tupu. Drozd akatazama mtaa upande huu na upande ule. Dirisha la ng'ambo pazia lilitikisika.

"Mimi binafsi sina neno," akasema kwa sauti ya chini. "Wewe ni kama ndugu yangu. Ila majirani. Mkihamia hapa, bei za nyumba zitaporomoka zote."

"Umekufa, Bwana Drozd," Ozella akasema. "Bei ya nyumba ya nini?"

"Lazima mtu afikirie kesho yake."

Aliona haya, hilo lilionekana. Walipofika barabarani aliwaita. Alitaka kupanda mawaridi nyuma ya nyumba, na alikuwa hajaona mtu mwenye mkono wa sepeto kama Alonzo. Angelipa vizuri.

"Mchimbie shimo moja," Ozella akamwambia mwanawe, kwa sauti ya kufika mpaka kwenye lile pazia. "La urefu wake. Umrudishe tu."

Alonzo hakuwa na kisasi, wala hakuwa na pa kwenda. Alichimba mashimo ya mawaridi, na mkandarasi aliyepita akampa kazi ya kuchimba misingi ya nyumba nyingine. Usiku alisimama nyuma ya mlango wa jiko, maana hakuhitaji kitanda. Mwenye nyumba, Bwana Tuttle, alipomkuta hapo alivua kofia na kumpa Ozella pole ya dhati. Kisha akauliza kama marehemu anatumia ngazi. Akaambiwa anatumia. Akapandisha kodi.

Kwa hiyo mama na mwana wakawa wanatoka pamoja kila asubuhi kwenda kule kule kwenye nyumba nyeupe, mmoja kusugua, mwingine kuchimba. Sharti la mtaa liliwaruhusu mchana. Jua lilipoelekea kuzama, polisi alikuwa akisimama kwenye kona kuhakikisha kila mweusi amekwishaondoka.

"Harakisheni," aliwaambia jioni moja.

"Magoti yananiuma, afande," Ozella akasema.

"Na huyu je?"

"Huyu amekufa."

Polisi akamtazama Alonzo kuanzia kofia mpaka viatu.

"Na yeye pia aharakishe."