Tumbawe Jikoni kwa Mama

Kwetu Bungoma, mkwe wa kiume haingii jikoni kwa mama mkwe wake. Hamtazami usoni, hamsalimii kwa mkono, na akiwa na neno humwambia mkewe, hata kama mama amesimama pale pale anasikia yote. Tangu niolewe nimekuwa mdomo wa mume wangu Wabwile na sikio la mama yangu Nanyama, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunishukuru.

Likizo moja ya mwaka wa hamsini na tatu, Wabwile, ambaye alikuwa mwalimu Kitale, alirudi nami kutoka Mombasa kwa treni huku amekumbatia mtungi wa kioo zaidi ya alivyowahi kunikumbatia mimi. Ndani mlikuwa na maji ya bahari na tumbawe la kahawia, kubwa kama ngumi. Wanafunzi wake walimcheka aliposema kuna mawe baharini yanayojengwa na vijidudu vilivyo hai. Alitaka shule ikifunguliwa wajionee.

Njiani tulipumzika kwa mama. Mtungi ukawekwa kivulini katika nyumba ya kaka yangu Bramwel, Wabwile akawa anaupulizia hewa kwa pampu ya baiskeli. Halafu tukaenda arusi Cheptais. Nilimwambia mama: pampu asubuhi na jioni, basi, usiuguse zaidi ya hapo. Lakini mama yangu haambiliki. Tuliporudi siku kadhaa baadaye, mtungi ulikuwa jikoni kando ya mafiga, mahali pa kulaza kifaranga mgonjwa. Mchana, alisema kwa fahari, alikuwa akiutoa nje uote jua.

"Kitu ya Mombasa imezoea joto," aliniambia. "Hii baridi yetu ingeua yeye. Si uone vile imetakata!"

Kweli, upande mmoja wa tumbawe ulikuwa mweupe pe.

Wabwile aliuona kutoka uani. Alitaka kukimbilia ndani, miguu ikamgomea mlangoni. Akageuka, akaliambia ghala la mahindi kwa sauti ya kusikika hadi jikoni:

"Nekesa, mwambie mama hiyo si usafi, ni njaa. Ndani ya huyu mdudu kunaishi vijimea vidogo sana. Ndivyo vinampa rangi, na vinampikia chakula kwa mwanga. Lakini maji ikipata joto kuzidi, na jua kali juu yake, vinamtoka. Anabaki mweupe na sufuria tupu. Hajakufa bado. Akikaa hapo mpaka kesho, atakufa."

Sikuwa na haja ya kupeleka ujumbe. Mama alikuwa ameshika shavu. Aliubeba mtungi mwenyewe, akautua kivulini chini ya ghala, akarudi nyuma na kujifunika uso kwa leso. Ndipo Wabwile akasogea na pampu yake.

Tukangoja maji yapoe. Mama alisonga ugali, hakuula. Nilimhurumia sana. Alikuwa amekitunza kitu cha mkwe wake kwa moyo wote, na moyo huo ndio uliokaribia kukiua.

Jua lilipozama, upande wa kahawia ukatoa vidole vidogo laini, vikapapasa maji. Wabwile akadondosha unga wa omena, dagaa wa ziwani. Vidole vikaudaka.

"Mama, njoo!" niliita.

Alikuja mbio, akainama. Leso ilimwangukia begani. Kichwa chake nusura kiguse cha Wabwile, na hakuna kati yao aliyejua.

"Inakula?" aliuliza.

Nilifungua mdomo kujibu, kama kawaida yangu. Lakini hakuwa akiniuliza mimi.

"Inakula, mama," Wabwile akasema.

"Na hii upande nyeupe?"

"Ikipata kivuli, pengine rangi itarudi."

Ndipo mama alipotambua anazungumza na nani. Akajifunika, akakimbilia jikoni.

Asubuhi lori la Kitale lilipofika, tulimkuta mama ameshapanda, ausindikize mtungi mwenyewe. Alikaa nyuma, amempa mkwe wake mgongo, mtungi mapajani. Jua lilikuwa linaanza kuwaka. Leso yake alikuwa ameutandazia mtungi, na uso wake ulikuwa wazi.