Kura ya Mwizi

Kri. Kisha kimya.

Mama Pasi alifumbua macho gizani. Sauti ile aliijua. Ni komeo la mlango wa mbele likivutwa na mtu asiyetaka lisikike, maana ukilivuta bila wasiwasi hulia kama mbuzi aliyekanyagwa. Akanyanyua kichwa kusikiliza. Pembeni yake binti yake alikuwa amelala fofofo, kaupitisha mguu juu ya tumbo la mama kama mwenye kiwanja. Kule sebuleni, kochi ambalo hulalamika usiku kucha chini ya mifupa mirefu ya shemeji yake lilikuwa limetulia tuli.

Shemeji katoka tena, na hakujapambazuka.

Shemeji huyu alikuwa mdogo wa mume wake. Mtaani walimwita Mnara, na hadi msimu uliopita walilitamka jina hilo kifua mbele, kwa kuwa alichezea timu ya kikapu ya jiji. Ikaja fainali. Timu iko nyuma kwa pointi moja, muda umekwisha, Mnara kapewa mitupo miwili ya adhabu. Wa kwanza uligonga chuma. Wa pili haukugonga kitu. Tangu siku hiyo kocha hakumwita tena, na mtaa ukaanza kulitamka jina lake puani. Mume wa Mama Pasi, dereva wa malori ya safari ndefu, alipomleta nyumbani alisema tu, "Mama, mdogo wangu nakukabidhi. Mwili ndio huo, lakini moyo bado wa mtoto." Akapanda lori, akaenda zake.

Kuishi naye hakukuwa na shida. Alikuwa mpole, aliosha vyombo bila kuambiwa, na jioni Mama Pasi akichelewa kazini ndiye aliyempikia mtoto na kumlisha. Tatizo ni huko kutoka gizani.

"Nafanya mazoezi, shemeji," alijibu siku alipoulizwa, macho kwenye vidole vya miguu.

Mazoezi gani ya mtu asiye na timu? Na mpira wenyewe uko nyuma ya kochi, umelegea, hauna upepo.

Hata hayo Mama Pasi angeyameza, kama si grisi. Yeye alikuwa mpiga pasi katika duka la dobi, ndiko jina lake lilikotoka, na madoa kwake yalikuwa kama majirani: chai, damu, wino, kutu, kila moja alilijua kwa tabia yake. Siku chache nyuma, akiloweka nguo za nyumbani, aliona kwenye mikono ya fulana ya shemeji weusi mzito unaoteleza. Akaunusa. Akausugua kwa kidole gumba. Hayakuwa masizi wala mafuta ya kupikia. Ilikuwa grisi. Na mtaa mzima ulijua wezi wa siku hizi wanaingiaje: wanapaka grisi kwenye bawaba na makomeo, mlango unafunguka bila hata kukohoa, asubuhi unaamka televisheni hakuna na bawaba zinang'aa.

Aliifua fulana ile akairudia. Hakumwambia mtu.

Sasa akiwa bado anautazama upande wa mlango asiouona, ukasikika ukelele nje. Ni mama mshonaji wa nyumba ya jirani. Wamemwibia cherehani. Ile cherehani iliyosomesha watoto wake wote, imeondoka kimya kimya, na mlango wake, watu walipoumulika kwa tochi, ulikuwa umepakwa grisi hadi kwenye fremu.

Mama Pasi alisimama kati ya watu, khanga imefungwa kombo, akajikuta anatazama barabara pande zote mbili, juu na chini. Mnara hakuonekana.

*

Kibaraza cha duka la dobi kilikuwa bunge lisilolipwa posho. Spika wake alikuwa fundi viatu aliyetandika gunia lake hapo, na upinzani ulikuwa mwenye duka mwenyewe, mama wa sauti nzito waliyemwita Bimkubwa. Kila asubuhi walianza na timu, wakapita kwa wezi, wakamalizia kwa diwani. Asubuhi hiyo vyote vilichanganyika.

"Mimi nasema, na mninukuu," fundi viatu alisema, sindano imebanwa midomoni. "Timu yetu haifungwi. Inauzwa."

"Inauzwa na nani, we baba wa viraka?" Bimkubwa akamjibu kutoka ndani. "Kocha haoni, walinzi hawakabi, wewe unatafuta mchawi."

"Haya, nijibu. Timu ni ya nani?"

"Ya diwani."

"Taa za barabarani aliahidi nani?"

"Diwani."

"Taa ziko wapi? Na wezi wanapenda kuingia lini? Usiku wa mechi, sisi wote tumerudi hoi, tumelala tumeachama. Na jana kulikuwa na nini?"

"Mechi."

"Unganisha mwenyewe."

"Kwa hiyo diwani ndiye anaruka kuta, na tumbo lile?"

Waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Fundi viatu hakucheka. Akaitoa sindano mdomoni, akatazama kushoto na kulia, sauti ikashuka.

"Mwenye timu haingii uwanjani, bibie. Ana wachezaji. Mtu kukosa mtupo mmoja ni bahati mbaya. Kukosa miwili ni biashara. Na aliyezoea bahasha, bahasha zikikauka anafanya nini?"

Mkono wa Mama Pasi ulisimama, na pasi ikasimama nao.

"Fundi, chunga ulimi," Bimkubwa akasema. "Shemeji yake yuko hapa anakusikia."

"Simtaji mtu. Nasema tu kikulacho ki nguoni mwako. Si yeye ndiye mfua nguo?"

Wakaangua kicheko, na hapo ndipo Mama Pasi aliposikia harufu. Kola ya shati la mteja ilikuwa imeungua.

Kabla hajamaliza kuomba radhi, mwenyekiti wa mtaa aliingia amekumbatia sanduku la mbao lenye tundu juu. Alikuwa akilipitisha nyumba kwa nyumba, duka kwa duka. Ni agizo la diwani, alieleza. Kila mtu mzima aandike jina la anayemshuku, akunje, atumbukize, bila kujitaja. Jioni kura zisomwe hadharani kwenye uwanja wa shule, na watakaotajwa wapelekwe polisi.

"Tuliomba taa, tumeletewa karatasi," Bimkubwa alinung'unika. Lakini naye aliandika, mkono mmoja umekinga kama mwanafunzi anayeogopa kuibiwa majibu.

Mama Pasi alishika kalamu. Alimfikiria mama mshonaji ameketi sakafuni mbele ya meza tupu. Alimfikiria mwanawe jioni, kapakatwa na mikono ile mirefu. Kama si yeye, polisi watamwachia. Na kama ni yeye, je, nani huyo ninayemwachia mtoto wangu? Jina la shemeji, alilopewa na wazazi, kwa heshima hakuwahi kulitamka, na lile la mtaani mkono ulilikataa. Akaandika: *Shemeji yangu anayelala sebuleni.* Akakunja mpaka karatasi ikawa ndogo kama kidonge. Ikaingia tunduni bila sauti.

*

Mchana alikuja dereva wa basi, mteja wa siku zote, akabwaga shati la kazi kwenye kaunta.

"Mama Pasi, niokoe. Begani hapo."

Begani palikuwa na alama ya kiganja, vidole virefu kupita kiasi, vyeusi. Hakuhitaji kuinusa, lakini aliinusa.

"Nani kakushika hivi?"

Dereva akatazama mlangoni kwanza. "Ah. Nilikatazwa kusema, ila wewe si ndiye shemeji yake? Mnara wenu. Anapaka grisi magurudumu gerejini kwetu, alfajiri, kabla mabasi hayajatoka. Anajituma kweli. Ila katuapisha wote: mtaani wasijue. Anasema walimpigia makofi kwa mikono miwili, wakimwona chini ya basi watamcheka kwa mdomo mzima. Leo asubuhi alinipongeza nimepata mtoto wa kiume, ndio huo mkono." Akasita. "Mbona umekaa hivyo? Doa halitoki?"

"Litatoka," alisema Mama Pasi.

Aliomba ruhusa, akakimbia hadi ofisi ya mtaa. Mwenyekiti alikuwa amekalia kiti, sanduku liko kati ya miguu yake kama kuku anayeatamia.

"Baba, naomba karatasi yangu. Nimekosea."

"Kura ikishaingia si yako tena, mama. Ni ya mtaa." Akamkazia macho. "Kwani ulimwandika nani? Na nani kakutisha uifute?"

Alivyomwuliza, Mama Pasi aliona jibu lolote lingekuwa kura ya pili. Akaondoka.

*

Jioni uwanja wa shule ulijaa kuliko siku ya mechi. Watu walikaa na wa nyumbani kwao, wakiacha nafasi kati ya ukoo na ukoo, na kila mmoja alimtazama mwenzake kwa pembe ya jicho. Mnara alikuja na mtoto mabegani, wote wawili wanacheka kitu walichokijua wao. Akaketi karibu na Mama Pasi, akampakata mtoto.

"Shemeji, umechoka? Uso umekupauka."

"Jua tu," alisema.

Mwenyekiti akaanza kusoma.

"Fundi viatu."

"Mimi? Kwa viatu vipi?" fundi akaruka.

"Diwani." Kicheko kikapita uwanja mzima. Mwenyekiti akaikunja karatasi upesi. "Hii imeharibika. Tuendelee. Mnara."

Mtu mmoja akapiga mluzi.

"Mnara," mwenyekiti akasoma tena. "Mnara."

"Mitupo miwili!" ikatoka sauti nyuma.

"Jamani, tunatafuta mwizi wa mali, si mwizi wa kombe!"

Mnara aliendelea kutabasamu, lakini tabasamu lilikuwa limebaki peke yake usoni, macho hayakuwemo tena. Mwenyekiti akafungua karatasi iliyokunjwa mno, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Shemeji yangu anayelala sebuleni."

Kisha uwanja ukalipuka. Nusu ya nyumba za mtaa ule zilikuwa na shemeji sebuleni. Kijana mmoja alimgeukia mke wa kaka yake, "Shemeji, kumbe hivyo?" Mwanamke akaapa mbingu na ardhi. Mwingine alikuwa tayari ameshasimama anamtaka kaka yake amweleze. Mnara akamwinamia Mama Pasi, akajaribu utani.

"Sisi wa sebuleni leo tumekwisha."

Akamtazama usoni. Utani ukamfia mdomoni.

"Aliyeandika hii ajitokeze amtaje mtu wake," mwenyekiti alipaza sauti, "la sivyo vijana wa ulinzi watawachukua mashemeji wote wa sebuleni, wakahojiwe!"

Angeweza kukaa. Hakuna aliyeujua mwandiko wake. Angekaa, na Mnara angechukuliwa pamoja na wengine, na asingejua kwa hakika nani kamwandika mpaka kufa. Lakini macho ya Mnara yalisema ameshajua. Mama Pasi alisimama.

"Ni mimi. Nilimwandika huyu hapa. Niliona grisi kwenye nguo yake, nikajiona najua. Nilikosea. Si mwizi."

"Ala!" fundi viatu akadakia. "Asubuhi mwizi, jioni malaika? Umejuaje?"

Jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Lakini halikuwa lake. Kulitoa pale kungekuwa kumvua mtu nguo mara ya pili siku hiyo hiyo.

"Najua," alisema. "Mkitaka kumhoji mtu, nihojini mimi."

Watu wakaanza kunong'ona. Hapo Mnara akainuka, taratibu, mpaka urefu wake wote, mtoto mkononi.

"Napaka grisi mabasi," alisema. "Gerejini. Alfajiri. Sikutaka mnione."

Mmoja alicheka puani. Kicheko hakikupata mwenzake, kikafa. Dereva wa basi akanyoosha mkono kule nyuma: "Kweli tupu. Anayebisha aje kesho aone." Bimkubwa naye akasimama, mikono kiunoni, akaugeukia umma. "Na nyie mlioandika Mnara, nyie mliona grisi wapi? Au mlikuwa mnalipiza fainali?"

Mama mshonaji alikuwa amekaa kando, cherehani yake bado haijulikani ilipo, na hakuna aliyekuwa anamtazama. Mwenyekiti akayarudisha makaratasi sandukuni, akisema kitu kuhusu taa na mwezi ujao. Watu wakaanza kutawanyika wawili wawili, bila soga.

"Shemeji," Mama Pasi aliita kwa sauti ya chini. "Nisamehe."

Mnara hakumtazama. "Nilipokuuliza kama umechoka," alisema, "ulikuwa umeshaandika?"

"Nilikuwa nimeshaandika."

Akatikisa kichwa polepole, kama anayesikia matokeo ya mechi ambayo hakuiona. "Gerejini kuna benchi. Nitalala huko."

Akainama ampe mama mtoto wake. Mama Pasi akanyoosha mikono. Mtoto hakuja. Aliizungusha mikono yake shingoni mwa Mnara, akabana, uso umemgeukia yeye, na watu wa mwisho waliokuwa wakitoka getini walimsikia vizuri.

"Baba mdogo, nina njaa."