Hodi ya Nusu Dakika

Saa saba kasoro dakika mbili mchana Ikupa alikuwa uani kwake Mwanjelwa akimenya ndizi mbichi, viganja amevipaka mafuta ili utomvu usimgande, aliposikia baba mkwe wake akikohoa ndani ya nyumba. Kilikuwa kikohozi kile kile: kifupi, kikavu, mara mbili, halafu kimya cha kumpa mtu nafasi ya kuondoka. Ikupa hakujiuliza mzee amefikaje. Alivuta kanga mpaka puani, akaacha kisu juu ya maganda, akaenda kusimama nyuma ya choo akitazama ukuta.

Ndani, redio ilisema, "Hodi! Wenyewe mpo?"

Mumewe Sedekia, dereva wa lori la mbao, alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu. Akaitika "Karibu!" bila kuinua kichwa, kama anavyoitika mtu yeyote aliyelelewa. Alipoinua kichwa, baba yake alikuwa amekaa kwenye kigoda, kofia magotini, miguu ina udongo mbichi wa shamba lake la Rungwe. Sedekia akamwamkia, akammiminia chai. Redio ikamaliza kuzisifu betri za Kongoni, kengele ikalia, habari zikaanza. Kigoda kikawa kitupu.

"Baba alikuja," Sedekia alimwambia mkewe.

"Nimemsikia. Amekunywa chai?"

"Imemshinda. Ilikuwa ya moto."

Ikupa akarudi kwenye ndizi zake. Mkwe kuja kupitia redio hakukumsumbua. Kilichomsumbua ni kwamba amekuja ghafla, na siku nyingine anaweza kumkuta katikati ya chumba, hana kanga kichwani, macho kwa macho.

Maana kwa Wanyakyusa mkamwana na baba mkwe hawaonani. Hawakai chumba kimoja, hawapeani mkono, na mke halitamki jina la mkwe wake wala neno linalofanana nalo. Jina la mzee huyu lilikuwa Lutengano, na tutalitaja mara moja tu, hapa, kwa kuwa Ikupa hayupo karibu. Kwa ajili ya jina hilo alikuwa ameacha maneno mengi ya Kiswahili. Kiatu kikichanika alikipeleka kwa fundi akaomba "kiponywe" badala ya kitengenezwe, na mafundi wa Mwanjelwa walishamzoea.

Wageni hudhani ni uadui. Wanakosea sana. Kila walipokwenda kijijini, Ikupa aliacha kopo la karanga za kukaanga juu ya kisiki, akajiweka mbali. Mzee alikohoa, akalichukua, na kopo halikurudi tupu hata siku moja. Lilirudi na asali, lilirudi na kahawa, na mwaka Ikupa alipougua lilirudi na yai moja lililoviringishwa kwenye jani kavu la mgomba. Kwa miaka tisa Ikupa alimpenda mzee yule kuliko alivyompenda baba yake mzazi, na hakujua pua yake ina umbo gani.

Ilivyotokea ni hivi. Mwanzoni mwa mwaka 1978 gari la Kampuni ya Betri Kongoni lilipanda mpaka kijijini. Bwana mmoja mwenye tai alimsogezea mzee maikrofoni mdomoni, akamwomba aseme chochote. Mzee alikitazama kile chuma chenye matundu, akaona kinafanana na dirisha la mtu, akafanya anachofanya kwenye dirisha la mtu: akakohoa mara mbili, akapiga hodi. Walifurahi sana. Walimpa betri nne, naye akabonyeza dole gumba kwenye karatasi ya kurasa sita, ukurasa wa mwisho. Mzee hakuwa na redio. Betri alizipanga kizingitini zizuie mlango usipigwe na upepo.

Hodi peke yake isingekuwa na neno. Lakini nchi nzima watu wakisikia hodi huitika karibu, hata kama wanaoga, hata kama wanagombana, na mzee alikuwa mtu wa adabu: akikaribishwa, huingia. Tangazo lilirushwa mara sita kwa siku. Kila liliporushwa aliingia kote alikokaribishwa, akakaa nusu dakika. Ikupa akiwa peke yake aliuma ulimi asiitike, akatoka nje, na hodi ikapita.

Sedekia alimkuta baba yake kwenye hoteli ya chai Mafinga, kando ya kabati la maandazi, wapasua mbao wakimwamkia, "Kamwene, mzee wa betri," bila kuacha kutafuna. Roza, jirani yao Msukuma mwenye ndugu wafugaji kule Usangu, alisema huko betri zimechoka na watu huzianika juani, kwa hiyo mzee huingia polepole, anakokota miguu, na muda unaisha hajafika kwenye kiti. Kule Chunya aliwaingilia wachimbaji wakiwa wanapima dhahabu ambayo hawakutaka ijulikane. Hakuna aliyeshangaa. Wengine walilalamika tu kwamba haagi.

Kote walimkaribisha chai. Kote ilikuwa ya moto.

Mwezi Juni mama mkwe alikuja Mwanjelwa na kikapu cha maparachichi, akakaa, akavua viatu, ndipo akasema.

"Baba yenu amekuwa mwepesi. Akikaa kitandani kamba hazilii. Juzi upepo umemchukua mpaka kwa jirani, imebidi nimfuate na kofia yake."

"Chakula anakula, mama?" Ikupa aliuliza.

"Anakula. Lakini kinamtosha nani, mwanangu, naye yuko nyumba elfu ngapi? Na aibu inammaliza. Ameingia kwa watu wamevua nguo. Sasa hivi kila anapoingia anatazama sakafu."

Ikupa alishika tama. Sedekia alikuwa safarini na mbao, hatarudi kabla ya wiki mbili, na kwa jinsi mama mkwe alivyoeleza, wiki mbili zilikuwa nyingi. Kesho yake alijifunga kanga mpya akaenda mwenyewe ofisi ya Kongoni, mtaa wa Uhindini, kuiomba sauti ya mkwe wake irudi nyumbani kabla mzee hajaisha.

Karani aliitwa Ambrosi, mtu wa Iringa, mpole, mwenye mihuri mitatu mezani. Alisema kuna fomu ya jambo hilo, lakini zimekwisha, aje Jumatatu. Jumatatu fomu zilikuwepo, mwenye ufunguo wa kabati hakuwepo. Jumatano vyote viwili vilikuwepo, na Ambrosi akafungua kalamu.

"Jina la mwenye sauti?"

"Baba wa mume wangu."

"Jina, mama. Hapa pana mstari."

"Siwezi kulitamka."

"Basi liandike."

"Kuliandika ni kulitamka kwa mkono."

Ambrosi aliweka kalamu chini. Hakuwa mtu mbaya. "Haya, tulitengeneze pamoja," alisema, na Ikupa akainamisha kichwa kwa neno hilo. "Hilo jina lina maana gani?"

"Ni kile wanachokitaka watu wakichoka kupigana."

"Suluhu?"

"Kinachofuata baada ya hiyo."

"Amani."

"Kwenu," alisema Ikupa. "Kwetu linaitwa vingine."

Ambrosi akaandika Amani, kwa sababu mstari ulikuwa mmoja. Akagonga muhuri. Halafu, kwa sauti ya mtu anayeomba msaada, akasema, "Na sisi tuna malalamiko juu yake, mama. Anaingia nyumba elfu kumi na mbili kwa siku. Kampuni ilitegemea ripoti. Tumetuma mtu mpaka kijijini akamuulize: watu wanatumia betri za nani, wana vitanda vingapi, wanakula nini? Anasema hakuangalia."

"Hakuangalia," alisema Ikupa. "Si mtu wa kuangalia."

Machozi yalimjaa kwa kujivunia, na alichukia kwamba yamemjia ofisini.

Jibu lilifika baada ya wiki saba, limepigwa taipu. "Ndugu Amani, tumepekua ghala letu lote la sauti. Sauti yako haimo. Ahsante kwa kutumia betri za Kongoni."

Sedekia alipolisoma alicheka, halafu akaacha kucheka. Aliomba ruhusa ya siku mbili, akaenda kumchukua baba yake na lori. Alimfunga kiunoni kwa kamba ya turubai, asipeperuke wakishuka mlima. Ikupa siku hiyo alishinda kwa Roza, mlango umefungwa. Ofisini, Sedekia alilitaja jina bila tabu, herufi kwa herufi. Ambrosi alifurahi, akaeleza kwamba sasa imebaki hatua moja: ili sauti iondolewe, lazima kampuni ijiridhishe kuwa ni yake, kwa hiyo mzee aseme tena, walinganishe.

Mzee alikohoa mara mbili, akapiga hodi. Walilinganisha. Zilikuwa sawa kabisa, isipokuwa ya pili ilikuwa safi zaidi. Wiki iliyofuata ya pili ikaanza kutangaza betri kubwa za tochi, na ya kwanza ikaendelea na betri ndogo. Sasa zilikuwa mara kumi na mbili kwa siku. Kuhusu maombi ya kuondoa sauti, Ambrosi alisema yamefungwa pamoja na jalada la Amani. Yakihitajika mapya, kuna fomu.

Mwisho wa mwaka vita vya Kagera vikaanza, na kila mwenye redio aliiwasha alfajiri akaizima anapolala. Matangazo yalitangulia kila taarifa ya habari. Betri zilipotea madukani, watu wakazianika mabatini pamoja na mihogo. Mama mkwe alituma salamu kwamba mzee sasa halimi tena, ameshikilia jembe tu ili asiondoke.

Siku moja ya Aprili habari zilikuwa kubwa: Kampala imetekwa. Mwanjelwa watu walitoa redio madirishani na taarifa zikarudiwa kutwa nzima. Hodi ilipigwa, na barabara yote ikaitika karibu kwa pamoja, na walivyoitika Mwanjelwa ndivyo walivyoitika kwingine kote. Ikupa alisimama nyuma ya choo tangu asubuhi mpaka miguu ikavimba. Keshokutwa yake ujumbe ulifika na basi la Tukuyu: shambani limebaki jembe.

Walingoja siku tisa. Mchungaji akasema inatosha. Walizika koti, fimbo na kofia. Jeneza lilibebwa na watu wanne kwa heshima, ingawa mmoja angeliweza. Ikupa alisimama kwenye migomba amegeuka, kama siku zote, akalia huko huko, akaacha kopo la karanga kwenye kisiki. Walipoondoka kopo lilikuwa bado limejaa.

Kampuni ilituma rambirambi na betri nne. Barua ilieleza kuwa ukurasa wa tano wa mkataba unahusu sauti, na sauti ni nzima.

Ilikuwa nzima kweli. Sedekia aliporudi kutoka Mafinga alisema, "Yupo. Amekaa pale pale penye maandazi. Wamempa chai, hajaigusa."

Ikupa hakulala vizuri wiki ile. Alifikiri juu ya nyumba zote zile, watu wasiomjua wanamwita kwa mazoea ya ulimi, wanamtilia chai ya moto, halafu wanamsahau. Akafikiri kwamba yupo mtu mmoja tu ambaye hajawahi kumkaribisha, naye ni yeye mwenyewe. Ilimuuma, na aliona haya.

Jumatatu, saa saba kasoro robo mchana, alichemsha chai ya maziwa na tangawizi, akatia sukari aliyoipangia foleni tangu alfajiri. Aliimimina kutoka kikombe hadi kikombe, mara nyingi, mpaka mvuke ukaisha, akajaribu kwa kidole kidogo. Akaiweka kwenye meza kando ya kigoda. Akawasha redio. Akajifunika kanga uso mzima, akageukia ukuta.

Redio ilikohoa mara mbili. Kikafuata kile kimya cha kumpa mtu nafasi ya kuondoka. Ikupa hakuondoka.

"Hodi! Wenyewe mpo?"

"Karibu, baba," alisema Ikupa.

Kigoda hakikulia, kwa kuwa hakukuwa na uzito. Lakini alisikia kikombe kikiinuliwa kutoka kwenye kisahani. Alisikia funda moja refu, la mtu aliyetoka mbali, halafu la pili, halafu la tatu, huku betri za Kongoni zikisifiwa. Kikombe kikarudi mezani. Kengele ikalia, habari zikaanza.

Alipogeuka, chai ilikuwa imekwisha, na ndani ya kikombe mlikuwa na buni tatu mbivu, bado zina umande.

Alizitia kwenye kopo. Saa kumi tangazo lilirushwa tena, na saa kumi na moja, na mwezi uliofuata, na mwaka uliofuata. Mkataba haukuwa na tarehe ya mwisho. Ikupa alinunua kikombe cha pili, ili kimoja kipoe wakati kingine kinanywewa, na sukari ya nyumba ile ikawa inakwisha kila tarehe kumi.