Amekuja, Hakuja

Saa moja kasoro asubuhi Akosita alikuwa ameshafika zahanati, viatu vya raga vikining'inia begani, na bado alikuta watu kumi na mmoja mbele yake. Zamu yake katika kiwanda cha samaki ilianza saa nne.

Homa aliyougua akiwa darasa la tano, iliyoanza kama koo tu, ilimwachia vali ya moyo isiyofunga sawasawa. Tangu hapo, kila wiki nne huchomwa sindano nene ya tako ili homa isirudi kuiharibu zaidi. Daktari wa moyo hakumkataza raga. "Kimbia," alimwambia, "ila usikose sindano hata moja, na pumzi ikikata, simama." Jumatatu timu ya mkoa ilikuwa inakwenda kambini, na mchezaji asiye na kadi yenye muhuri wa zahanati asingepanda meli.

Semisi, karani wa dirishani, aliipekua kadi yake.

"Umekosa mbili, dada. Machi na Juni. Sigongi muhuri hapa."

"Sikukosa."

"Imeandikwa hakuja."

"Machi nilikaa benchi lile mpaka saa nane mchana, Semisi. Wewe mwenyewe uliniambia dawa haijashuka melini. Juni vilevile."

"Kadi ina sehemu mbili tu. Amekuja, hakuja. Usipochomwa, hukuja."

Nyuma ya Akosita bibi mmoja aliyempakata mjukuu aliguna. "Kumbe mimi mwaka mzima sijaja."

Semisi alijifanya hakusikia. "Na wewe, moyo mbovu na raga wapi na wapi? Kaa nyumbani usuke mikeka."

"Makreti ya samaki nayabeba kwa moyo huohuo," Akosita alisema. "Mbona kiwandani hakuna anayeniuliza kadi?"

Leo dawa ilikuwepo. Nesi Unaisi alimchoma taratibu, akasikiliza malalamiko yake, akatikisa kichwa. Kusahihisha kadi ni kazi ya daktari, na daktari wa zahanati angerudi wiki ijayo, meli ikiwa imeshaondoka.

Akosita alirudi dirishani akichechemea. Akachukua kalamu iliyofungwa kwa uzi, akakata "hakuja" zote mbili kwenye kadi, akaandika juu ya kila moja: Nilikuja. Dawa haikuwepo. Akatia sahihi na tarehe.

"Hiyo ni kadi ya serikali," Semisi alisema.

"Najua."

Muhuri hakupata, na Jumatatu meli iliondoka bila yeye. Lakini asubuhi ile ya sindano, kabla hajafika mlangoni, alimsikia bibi yule akivuta kiti kusogea dirishani.

"Semisi, toa na kadi yangu. Na hiyo kalamu usiifiche."