Jina la Kaka Ukutani

Mama, ambaye macho yamemwishia nguvu, aliupapasa ukuta mpya wa mashujaa kutoka kona hadi kona, akarudia tena. Kisha akanigeukia. "Mwanangu, kaka yako wamemtoa."

Nikasoma mwenyewe. Majina yote yaliyokuwa upande wa mashariki wa ukuta wa zamani hayapo, la kaka likiwamo. Damu ikanichemka. Nikamshika mama mkono, tukavuka barabara hadi ofisi ya minara ya kumbukumbu ya taifa, nikaingia bila hata hodi.

"Nyie watu mna akili kweli?" nilimfokea karani. "Mtu anakufa vitani hata ndevu hazijamwota, halafu mnamfuta kama chaki? Mwili wake haukurudi! Mama hana kaburi la kwenda, kila mwaka anakuja kulishika jina lile. Leo ashike nini, tai yako?"

"Bwana, punguza jazba."

"Jazba umeiona wapi? Bado sijaanza!"

Karani akashusha pumzi. "Daftari la majina liliungua zamani. Mafundi walinakili kutoka kwenye picha za ukuta wa zamani, kabla haujabomolewa. Jina lisilosomeka pichani halikuchongwa."

"Basi mpiga picha wenu ni mpumbavu! Upande wa mashariki haupigwi picha asubuhi, jua linaugonga usoni, herufi zinapotea. Unasubiri jua lipande, liteleze juu ya ukuta, herufi zipate kivuli. Hata aliyeshika kamera jana anajua! Lete hizo picha."

Akavuta faili, akanipa picha ya upande wa mashariki. Ukuta ulikuwa mweupe pee, hauna hata herufi moja. Nikaigeuza picha. Nyuma kulikuwa na muhuri wa studio yangu.

Mwaka juzi waliniita nipige picha minara yote ya mji, na siku ya ukuta ule nilikuwa na harusi ya kupiga picha saa sita. Nikazunguka pande zote nne asubuhi ile ile, mbio mbio, nikajiambia inatosha. Mjinga wa kutupwa mimi! Jina la ndugu yangu wa tumbo moja sikulitazama hata kidogo.

"Mbona umenyamaza?" mama aliuliza. "Mkemee! Mwambie amwite huyo mpiga picha hapa hapa, nimuulize alikuwa na haraka ya kwenda wapi."

Karani alinitazama, kisha akatazama muhuri.

"Harusini, mama," nikasema. "Ni mimi."

Mama akautoa mkono wake mkononi mwangu.