Aproni Iliyonukia Sabuni

Mkwe mimi namwogopa, wala sioni haya kulisema. Wapo wanaojifanya wamemzoea, wanampita wakipiga mluzi, lakini nimewaona wakifika usawa wa kichwa chake: mluzi unakauka. Ni joka. Kichwa chake peke yake hakipiti kwenye mlango wa chumba chetu cha rangi, na akiugeuza mkia vibaya anaangusha ukuta wa ua. Aliwahi kuuangusha. Akaomba radhi, akaujenga upya mwenyewe kwa siku mbili, tofali moja moja kwa ncha za makucha. Nikazidi kumwogopa.

Jamii yake wanaitwa majoka waungwana. Hawali chenye roho. Huyu wetu anakula makaa na chumvi ya mawe. Hawasemi uongo, hata ule mdogo wa kumsifia mtu mapishi. Kwingine wanalinda madaraja na kuamua kesi za mipaka. Huyu alikuja mwenyewe, mwaka ambao kuni ziliadimika, akainamisha kichwa juu ya ukuta wetu na kusema, "Nyinyi mna tanuri, mimi nina moto. Nipeni kazi." Tangu siku hiyo vigae vyetu vya kuezekea haviungui upande mmoja na kubaki vibichi upande wa pili. Tukampa jina la Mkwe, kwa sababu mkwe unamheshimu, humzoei, wala hukai mbele yake ukitafuna.

Kazi yenyewe iko hivi. Mume wangu ndiye mpangaji. Anaingia ndani ya tanuri kwa mlango mdogo wa nyuma na kupanga vigae vibichi, safu juu ya safu, mpaka juu kabisa. Akishatoka, Mkwe anaingiza kinywa kwenye tundu la mbele, anaupandisha moto kooni, anapiga mguu chini mara mbili kusema hamna mtu, mlinda mlango, anayekaa mbali na joto, anakuja kushusha komeo, na moto unaingia. Moto ukishapanda kooni haurudi chini bila kumchoma mwenyewe.

Siku za kawaida Mkwe anaona nani kaingia na nani katoka. Lakini mara moja kwa mwaka anajivua gamba, na wiki hiyo ngozi ya zamani inamfunika macho na masikio. Anabaki na pua tu. Ndipo inapokuja desturi ya aproni: anayeingia tanurini anatundika aproni yake kwenye msumari ulio mbele ya pua ya Mkwe, na akitoka anaichukua. Mkwe akinusa mtu pale msumarini, anasubiri. Kwa hiyo wiki nzima ya gamba hakuna anayefua aproni. Kila mke wa fundi analijua hilo kama anavyolijua jina lake.

Na mimi nililijua. Nikaifua.

Nilikuwa na mimba ya miezi miwili ambayo sijamwambia mtu. Tunaishi chumba kimoja, na aproni ya mume wangu, yenye jasho na masizi ya siku tano, ilikuwa nyuma ya mlango. Jioni ile nilitapika mara tatu. Mume wangu alipotoka kwenda kuchota maji nikaitumbukiza kwenye beseni, nikaimalizia kipande kizima cha sabuni, nikaisugua kama namsugua adui. Nikajiambia asubuhi nitamwambia atundike kitu kingine. Asubuhi nikaamka na kichefuchefu, nikasahau. Madoa ya udongo hayatoki, kwa hiyo kwa macho ilikuwa ile ile, na pua ya mume wangu ilishakufa kwa vumbi zamani. Akaivaa, akaenda zake. Sina la kujitetea.

Saa nne nilikuwa chumba cha rangi na wifi yangu, dada wa mume wangu, tunapaka vigae vya ukingo. Wifi mdomo haumtulii.

"Wifi, una mambo wewe," akaniambia. "Kaka leo kanipita uani ananukia kama bwana harusi."

"Kaka yupi?"

"Mumeo, yupi mwingine? Aproni inanukia sabuni mpaka nimepiga chafya."

Brashi ikanitoka mkononi.

"Yuko wapi sasa hivi?"

"Karudi tanurini. Safu ya juu imeinama, kaenda kuinyoosha. Mbona umebadilika hivyo?"

Kabla sijamjibu, sakafu ikatikisika. Mara moja. Halafu mara ya pili.

Sikumbuki kuupita mlango. Nakumbuka ua, na jinsi ulivyorefuka, na viatu vilivyonitoka. Nilikuwa nasema jambo moja tu kwa sauti, sijui nikimwambia nani: bado, bado, bado. Niliwaza atakavyokuwa mle ndani, ameinama, mikono miwili juu, akiimba ule wimbo wake usio na mwisho, asijue kitu.

Mkwe alikuwa amelala kifudifudi mbele ya tanuri, kinywa ndani ya tundu. Magamba ya zamani yalimning'inia usoni kama rangi inayobanduka ukutani. Koo lake lilikuwa limevimba, na chini ya ngozi pale paling'aa pekundu. Moshi ulimtoka puani kidogo kidogo. Na msumarini, mbele kabisa ya pua yake, aproni ya mume wangu, safi. Mlango wa nyuma ulikuwa upande wa pili wa tanuri, mbali, na kwa hesabu yangu komeo lilikuwa limeshashuka.

Msimamizi wetu, ambaye wote tunamwita Haraka, alikuwa amesimama pembeni akigongagonga saa yake, macho kwenye saa wala si msumarini. "Leo huyu kasinzia," akasema. Kisha akaniona ninakokwenda, akapiga ukelele. "Wewe! Usimguse! Akishtuka anapumua!"

Nilijua. Joka aliye katika gamba haguswi. Hata nzi akimtua moto unaweza kumponyoka. Nikasimama. Nasema wazi, mkojo ulinitoka pale pale mbele ya wanaume, wala sikujali. Pembeni kulikuwa na toroli, na juu ya mpini wake kofia ya mume wangu, ile anayoivua kila akiingia kwa sababu mlango ni mfupi. Ilikuwa haijaguswa na maji tangu ishonwe. Nikaichukua kwa mikono miwili, nikasogea hatua moja, nikasogea nyingine.

Tundu la pua yake lingeumeza mkono wangu mpaka begani. Joto liliniunguza nyusi. Nikainyoosha ile kofia bila kumgusa, nikanong'ona, ingawa hakuweza kunisikia, "Yumo. Baba yangu, yumo."

Akavuta pumzi. Kofia ikanitoka mkononi, ikanasa puani kwake.

Kisha akainua mguu wa mbele. Nikafumba macho nikijua anapiga, na kwamba nimechelewa. Badala yake nikahisi makucha yakinizunguka kiunoni, polepole, na kunisukuma nyuma ya bega lake, kama mtu anavyoondoa glasi isivunjike. Akatoa kichwa kwenye tundu, akafunga kinywa, akameza.

Ile sauti sitaki kuisikia tena. Ilikuwa ya maji kumwagika kwenye kikaango, lakini haikuisha upesi. Mwili wote ukamkakamaa. Moshi ukamtoka katikati ya magamba, na chini ya ile ngozi ya zamani, macho yakamchuruzika maji. Hakulia wala hakusogea, kwa sababu hakuona watu wamesimama wapi.

Mume wangu akatokea upande wa nyuma akijipangusa mavumbi. "Jamani, samahani, imenichukua muda. Safu ilikuwa imekaa vibaya." Akatutazama. "Kuna nini?"

Nyuma yake akaja mlinda mlango, komeo bado liko mkononi. Hakulishusha, kwa kuwa ishara ya Mkwe ilikuwa haijaja. Ile mitikisiko miwili, kumbe wapagazi walikuwa wameangusha makreti ya vigae kutoka kwenye gari.

Haraka akaishika ile aproni, akainusa, uso ukamgeuka. "Nani kaifua hii?"

Nikainua mkono. Na kwa kuwa mume wangu alikuwa akinitazama bila kuelewa, nikamwambia na sababu yake, hapo hapo, mbele ya wote, nimelowa, miguu mitupu. Alikuja akanifunika kwa ile aproni, akanishika mkono.

Siku sita Mkwe hakula wala kusema. Gamba lilikuwa limeshamtoka lote, macho yakawa wazi. Siku ya saba nikaenda kumwomba radhi. Nilikaa mbali, kama ukweni, mume wangu akasimama nyuma yangu.

"Mkwe, nisamehe," nikasema. "Kama nisingewahi kufika na ile kofia..."

"Mwanangu, hukuniwahi." Sauti yake ilikuwa imebaki mkwaruzo tu. "Niliinusa aproni, sikupata mtu, nikaupandisha moto. Nilipotaka kupiga mguu nikajiuliza. Nimenusa sabuni, na sabuni haijitundiki. Basi nikaushika kooni."

"Muda wote ule?"

"Muda wote. Ulipofika na kofia ndipo nilipojua kwa hakika kuna mtu, nikaumeza."

Mume wangu akauliza. "Na kama asingekuja na hiyo kofia? Ungesubiri mpaka lini?"

"Mpaka mwenyewe aje kuichukua aproni yake."

"Moto kooni, Mkwe? Ungekufa."

"Ndiyo," akasema, kama mtu aliyeulizwa saa. Na hawa hawasemi uongo.

Waliosema uungwana ni vitendo hawakuwahi kukaa mbele yake wakijua hilo. Mimi nilikaa, nikaogopa kuliko nilivyoogopa siku ya moto. Mwenye nguvu za kuuangusha mji alikuwa ameyaacha maisha yake yaning'inie kwenye msumari mmoja pamoja na aproni ya mpangaji, na mimi nilikuwa nimeifua.

Mpaka leo namwogopa. Mwanangu alizaliwa miezi mitano kabla ya gamba la mwaka uliofuata. Nguo yake ya kwanza sikuifua. Niliikunja vile ilivyo, na maziwa yake na jasho lake, nikavuka ua, nikaitundika kwenye ule msumari ili Mkwe amjue.