Tabibu wa Kwenye Simu

Kinyozi alikuwa na vidole vinene, na simu yake ilikuwa na kioo kidogo. Balaa lote lilianzia hapo, ingawa yeye mwenyewe hakuthubutu kuilaumu simu.

Kaka yake alipopofushwa na kisukari, alililia kitu ambacho watu walimcheka: ule mchezo wa kompyuta wa zamani, wenye mashujaa sita, mapango na maandishi tele, waliokuwa wakiucheza pamoja tangu ujanani. Kinyozi akahangaika mpaka akautia kwenye simu, pamoja na safari yao ile ile waliyokuwa wameihifadhi. Kila mchana, wateja wakipungua, kaka alikaa kwenye kiti cha kunyolea. Mdogo mtu akasoma, kaka akaamua. Swali lake la kwanza halikubadilika: "Tabibu yuko salama?" Tabibu alikuwa shujaa wa kike, mganga wa kundi, aliyebuniwa na kaka mwenyewe. Miaka ishirini hajafa.

Basi wiki mbili zilizopita Kinyozi akacheza peke yake, eti kidogo tu. Maandishi yenyewe madogo kama mayai ya chawa! Joka likamla Tabibu. Akataka kuirudia safari ya jana, kidole kikaangukia neno la jirani: hifadhi, na safari ya jana ikafutika. Na katika mchezo ule aliyekufa harudi. Lahaula!

Angesema siku ile ile, yangeisha. Hakusema. Kaka alipouliza, alijibu haraka, "Yupo, mzima wa afya." Tangu hapo ikawa kutunga tu: leo Tabibu kamponya huyu, kesho kavuka mto. Kaka akicheka, yeye anaongeza chumvi. Anamdanganya kipofu, tena ndugu wa tumbo moja!

Leo kaka akasema, "Unajua, mdogo wangu, asubuhi nikijichoma sindano, huwa namwambia, haya Tabibu, twende."

Kinyozi akashindwa. Akayamwaga yote, mkasi ungali mkononi, kisha akasubiri matusi. Angeyapokea kwa mikono miwili.

"Ule ni mchezo tu," kaka akasema. "Usijali."

Kisha akapapasa mfuko wa shati, akatoa karatasi iliyokunjwa. "Hii barua ya hospitali uliyonisomea juzi. Ulisema figo zangu ni nzima."

"Ni nzima, kaka! Haki ya Mungu, nilisoma kama ilivyoandikwa."

"Mm."

"Nikusomee tena?"

Kaka alikuwa keshainuka, mkono unatafuta mlango. "Usisumbuke. Fundi viatu hapo nje atanisomea."

Kinyozi akabaki amesimama, akimsikia fundi viatu akiisoma barua, neno kwa neno kama alivyoisoma yeye, na kaka akimkatiza: "Hebu rudia hapo kwenye figo."